Mtoto Wetu Amekuwa Daktari: Sasa Atapasua Nini?

Somo letu la safari hii si la kuku wala si la vyoo. Ni somo lililotokana na ugomvi, na katika ugomvi huo sisi wenyewe hatukuwa na haki.

Kikundi kimoja cha akina mama huko Likoni (jina tunaliacha, wenyewe wanajijua) kilianza na upatu wa shilingi hamsini kwa juma. Miaka ikapita, wakanunua mahema na viti vya kukodisha kwa arusi na matanga. Katika faida hiyo walimsomesha binti wa mwenzao aliyefariki. Walimlipia karo ya sekondari, na alipoitwa chuo kikuu kusomea udaktari walifanya harambee. Parokia ikatoa kidogo, na msikiti wa jirani nao ukatoa. Binti hakuwaangusha. Alimaliza masomo, akafanya mwaka wake wa mazoezi hospitalini, akapata leseni. Siku hiyo akina mama walichinja mbuzi.

Ugomvi ulikuja miaka miwili baadaye. Binti alihudhuria mkutano wa Jumamosi, akasimama na kusema kwamba anataka kurudi kusoma, awe daktari mpasuaji wa mifupa. Kimya kikaingia. Halafu mama mmoja akasema, "Mwanangu, mifupa si ni useremala? Nyundo, msumeno, misumari! Hiyo ni kazi ya wanaume." Mweka hazina akasema bila kuficha kwamba kikundi kilitoa pesa ili kipate daktari wa akina mama, wa kuzalisha. Mama wa tatu, ambaye ana mtoto Nairobi, akasema afadhali moyo, maana daktari wa moyo ndiye mwenye pesa. Binti akainamisha kichwa.

Sisi tuliitwa kusuluhisha. Tulipofika, kabla hata ya kumsikiliza, nasi tukamshauri achague uzazi. Twasema hivi kwa aibu. Tulimshauri hivyo kwa kuwa ndiyo kazi ya daktari tuliyoizoea. Yeye akatuuliza swali moja tu, kwa heshima: "Kwani nyinyi mwajua mtu huchaguaje?"

Hatukujua. Ikabidi twende tukaulize. Tulizungumza na madaktari kwa nyakati mbalimbali, wengine wakiwa wamechoka na wametoka zamu ya usiku, na tukasoma tulichoweza kukipata. Haya tunayoandika hapa ndiyo tuliyojifunza, na tunaona yafaa vikundi vingine viyajue mapema, kabla ya mbuzi kuchinjwa.

Njia yenyewe

Wengi wetu tunadhani mtoto akimaliza chuo kikuu amemaliza. Sivyo. Shahada ya kwanza ya udaktari nchini Kenya ni shahada ya tiba na upasuaji kwa pamoja, na huchukua miaka mitano au sita. Kwa hivyo kila daktari amefundishwa upasuaji kidogo. Baada ya hapo kuna mwaka mmoja wa mazoezi ya kazi, ambao vijana wenyewe huuita intaniship. Katika mwaka huo huzungushwa: miezi kama mitatu kwa magonjwa ya watu wazima, mingine kwa watoto, mingine kwa uzazi, na mingine kwa upasuaji. Hapa kwetu wengi hufanyia mazoezi hayo Hospitali Kuu ya Pwani, ile ambayo watu wa rika letu bado twaiita Makadara. Akimaliza na kupewa leseni na Baraza la Madaktari, anakuwa daktari wa kawaida. Anaweza kumpasua mama aliyeshindwa kujifungua, lakini bado si bingwa.

Kuwa bingwa wa upasuaji ni safari nyingine, kwa kawaida miaka minne hadi sita kutegemea fani. Mlango wa kwanza ni wa chuo kikuu, yaani shahada ya pili ya udaktari. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha madaktari mwaka 1967, na hapo ndipo wapasuaji wengi wa nchi hii walikopitia. Mlango wa pili ni Chuo cha Madaktari Wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilichoanzishwa mwaka 1999 na kinachojulikana kwa herufi COSECSA. Hiki ni chuo cha ajabu kidogo kwa sisi tuliozoea madarasa, kwa sababu hakina darasa. Mwanafunzi hubaki hospitalini akifanya kazi chini ya wapasuaji wakubwa, katika hospitali iliyokubaliwa kwa mafunzo, na mitihani yake ni mimoja kwa nchi zote wanachama. Hospitali za misheni kama Kijabe na Tenwek nazo hufundisha wapasuaji, kupitia chama cha wapasuaji Wakristo wa Afrika kilichoanza mwaka 1996.

Na fani ni nyingi kuliko tulivyofikiri. Upasuaji wa jumla ni wa tumbo, ngiri, kidole tumbo, matiti na tezi la shingo. Kuna wa mifupa. Kuna wa njia ya mkojo, ambao wazee wenye taabu ya tezi dume wanaujua vizuri ingawa hawapendi kuutaja. Kuna wa watoto, wa ubongo na uti wa mgongo, wa moyo na kifua, wa masikio, pua na koo, na wa kurekebisha ngozi na maungo, yaani walioungua au waliozaliwa na mdomo uliopasuka. Uzazi na macho huhesabiwa kama idara za peke yake, lakini kisu kimo humo pia. Wanaokumbuka bomu la Nairobi la tarehe 7 Agosti 1998 watakumbuka ni watu wangapi waliumizwa macho na vioo, kwa kuwa walikuwa wamekimbilia madirishani kutazama.

Anachokiona ndicho kinachomshika

Sasa tuje kwenye swali la binti. Mtu huchaguaje?

Tulitegemea madaktari watuambie habari ya pesa. Pesa imo, na tutafika huko. Lakini kila mmoja wao, kabla ya yote, alitusimulia mgonjwa. Mmoja alikumbuka mtoto aliyeletwa na utumbo uliojifunga, akapasuliwa usiku, na siku ya tatu akaomba uji. Mwingine alimkumbuka bibi aliyeongozwa kwa mkono hadi hospitalini kwa ajili ya mtoto wa jicho, na kesho yake akamtazama mjukuu wake usoni. Walisema upasuaji una kitu ambacho dawa za vidonge hazina: unaona kazi ya mikono yako upesi. Ikifaulu unaona, na ikiharibika unaona vilevile, nawe ndiwe uliyeshika kisu. Kuna kijana anayependa hivyo na kuna asiyeweza kulala. Huyo wa pili si mwoga. Mungu amempa ubongo wa namna nyingine, na wagonjwa wa sukari na presha wanamhitaji.

Jambo la pili ni mwalimu. Mwanafunzi akiwa katika idara ya upasuaji, kuna daktari mkubwa atakayemfokea mbele ya wauguzi mpaka aichukie thieta maisha yake yote. Kuna mwingine atakayemwita kwa jina, ampe uzi na sindano na kumwambia, "Funga wewe, mimi nitatazama." Tulishangaa jinsi uchaguzi wa maisha ya mtu unavyoweza kutegemea sentensi kama hiyo. Binti wetu alipata mwalimu wa aina ya pili, na mwalimu huyo alikuwa wa mifupa.

Hebu tumsikilize mwenyewe, maana siku ile ya pili tulimpa nafasi ya kusema. Alisema katika miezi yake mitatu ya upasuaji, usiku wa Jumamosi ulikuwa usiku wa bodaboda. Tangu serikali iondoe kodi ya thamani kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, vijana wetu wamepata kazi, na hilo twalishukuru, lakini wodi za mifupa zimepata kazi pia. Alimwona kijana aliyeletwa siku ileile aliyoanguka, mfupa wa muundi umetokeza nje. Wakamsafisha jeraha, wakamfunga vyuma, na baadaye kijana alirudi akitembea kwa mkongojo kuwasalimu. Alimwona mwingine, umri uleule, ameumia vivyo hivyo, lakini alikuwa amekaa nyumbani wiki mbili amefungwa vibanzi vya mti. Mguu ulikuwa umeoza. Ukakatwa. "Wote wawili wana watoto," alisema. "Mmoja analisha watoto wake. Mwingine analishwa na mama yake, na mama yake yuko katika kikundi kama hiki."

Hakuna aliyejibu. Akina mama watatu pale mkutanoni wana wana wanaoendesha pikipiki.

Tuongeze kwamba mifupa si nyundo tupu. Mtoto anayezaliwa na miguu iliyopinda ndani, akiwahiwa angali mchanga, mara nyingi hunyooshwa kwa plasta inayobadilishwa kila wiki, na kisu hutumika kidogo sana. Kule Kijabe kuna hospitali ya watoto wenye ulemavu wa viungo tangu mwaka 1998. Tulipoeleza hili, mama aliyesema habari ya useremala alicheka mwenyewe, akasema basi ni useremala wa Mtakatifu Yosefu.

Je, ni kazi ya wanaume?

Swali hili tusilipite haraka, kwa sababu linawarudisha nyuma mabinti wengi. Kazi ya mifupa inahitaji nguvu kiasi, lakini zaidi inahitaji kujua pa kushika na pa kuvuta. Mwanamke anayechota maji kisimani na kubeba mtungi kichwani anayajua haya. Kinachowakatisha tamaa mabinti hasa si uzito wa mfupa. Ni kuulizwa kila siku, "Utaolewa lini, utazaa lini, nani atakupikia mumeo?" Miaka mitano ya mafunzo huangukia palepale kwenye miaka ya kuzaa. Mvulana haulizwi maswali hayo. Daktari mmoja wa kike alituambia kwamba alipokuwa mwanafunzi hakuwahi kumwona mpasuaji mwanamke hata mmoja katika wodi aliyopangiwa, kwa hivyo ilimchukua muda hata kufikiria kwamba inawezekana.

Tutaje mmoja ambaye Wakatoliki wa Afrika Mashariki yafaa wamjue. Lucille Teasdale alizaliwa Montreal, Kanada, mwaka 1929. Alisomea upasuaji wakati ambapo wanawake wapasuaji walikuwa wa kuhesabika. Alipotaka kuongeza ujuzi, hospitali za Marekani alizoomba zilimkataa, akaenda Marseille, Ufaransa. Mwaka 1961 daktari mwenzake Mwitaliano, Piero Corti, alimwomba aje Gulu, kaskazini mwa Uganda, kwa miezi miwili tu, aanzishe upasuaji katika hospitali ya misheni ya Lacor. Alikuja, wakaoana mwaka uohuo, na miezi miwili ikawa maisha yake yote. Alipasua maelfu ya watu. Wakati wa vita alipasua majeruhi wengi, na katika kazi hiyo aliambukizwa virusi vya ukimwi kupitia majeraha ya mikono yake. Alijua mwaka 1985, akaendelea kufanya kazi kwa miaka mingine, akafariki Agosti 1996. Hatusemi kila binti afe hivyo. Twasema tu kwamba mtu akikuambia upasuaji si wa wanawake, unalo jina la kumtajia.

Pesa, na nani anayelipa

Mama wa moyo asidharauliwe. Alichosema ndicho wengi wanachofikiri kimoyomoyo, na wanafunzi wenyewe hufikiri hivyo pia. Mpasuaji bingwa katika hospitali ya binafsi anaweza kupata kipato kizuri. Lakini kuna mambo mawili ambayo kikundi hakikuyajua.

Kwanza, mafunzo yenyewe hulipiwa. Mwanafunzi wa shahada ya pili anayejilipia hutoa karo, na wakati huohuo hufanya kazi usiku na mchana katika hospitali ya mafunzo bila mshahara. Miaka minne, mitano! Aliyeajiriwa na kaunti au na serikali akapewa ruhusa ya masomo huendelea kupokea mshahara, lakini hutia sahihi mkataba wa kurudi kutumikia. Hapo kuna jambo la kuangalia: kaunti hulipia fani inayoihitaji, si lazima iwe ile moyo wa kijana unayoipenda. Ndiyo maana wengine hupendelea njia ya COSECSA, kwa sababu wanaweza kubaki kazini na kuendelea kula mshahara ikiwa hospitali yao imekubaliwa kufundisha. Kwa hiyo uchaguzi wa fani mara nyingi ni hivi: kijana anapenda tatu, zilizo na nafasi ni mbili, na yenye mtu wa kulipa ni moja.

Tena deni la nyuma bado linamfuata. Madaktari waligoma siku 100 kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017, kisha wakagoma tena siku 56 kati ya Machi na Mei 2024. Sababu moja kubwa ya mgomo huo wa pili ilikuwa madaktari wa mazoezi. Mapatano ya mwaka 2017 yaliwapa kama shilingi 206,000 kwa mwezi, serikali ikataka kuwalipa 70,000, na wengine walikaa nyumbani bila kupangiwa hospitali. Sisi hatuingii katika siasa. Twataka tu mjue kwamba kijana anayesema "siwezi kusubiri, nitachagua iliyo karibu" huenda hana uvivu wowote. Amehesabu.

Pili, fani huhitaji vyombo. Mpasuaji wa moyo anahitaji mashine ya kushika kazi ya moyo na mapafu wakati moyo umesimamishwa, na watu waliofundishwa kuiendesha, na chumba cha wagonjwa mahututi. Pasipo hayo, ujuzi wake wote hauna pa kutulia, atakwenda zilipo mashine. Hatumlaumu. Lakini kikundi kinachotaka daktari wa moyo na wakati huohuo kinataka akae Likoni, kinamtaka aende na arudi kwa siku ileile. Wa mifupa naye ana mahitaji yake, vyuma na picha za eksirei, na twajua familia zilizouza mbuzi kununua vyuma. Hata hivyo kuna wanaofikiria hali zetu. Shirika liitwalo SIGN, lililoanzishwa Marekani mwaka 1999, lilitengeneza chuma cha kutia ndani ya mfupa ambacho daktari anaweza kukifunga hata kama thieta haina mashine ya eksirei, na huzipa hospitali zinazotibu maskini.

Yule anayelaza mgonjwa

Hapa tunataka kukaa kidogo, kwa sababu hata madaktari walitulaumu kwamba watu wa vikundi hawamtaji kamwe. Hakuna kupasuliwa bila mtu wa kutia nusukaputi, yaani kumlaza mgonjwa, kumpumulisha, kulinda moyo wake, na kumwamsha. Mnapomshukuru daktari kwa mama kupasuliwa salama, upande wa kichwani kulikuwa na mwingine ambaye hamkumwona uso kwa sababu mama alikuwa amelala au amefunikwa pazia.

Novemba 2016, Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta ilitenganisha watoto pacha wa kike waliozaliwa mwaka 2014 wakiwa wameungana sehemu ya chini ya mgongo. Upasuaji ulichukua saa 23. Magazeti yaliwasifu wapasuaji, na walistahili: wa watoto, wa ubongo na uti wa mgongo, wa ngozi. Lakini fikirini, saa 23 watoto wawili wadogo wamelala, na kuna watu ambao kazi yao ni kuhakikisha kila pumzi inaingia na kutoka. Wanafunzi wengi hawaichagui fani hii kwa sababu haina shukrani. Mgonjwa hamkumbuki. Hakuna kikundi kinachofanya harambee kikisema, "Tunataka daktari wa usingizi." Basi pengine kiwepo kimoja.

Na kwa wale ambao watoto wao hawakupata alama za kuingia udaktari, msikate tamaa. Chuo cha Mafunzo ya Utabibu, chenye tawi hapa Mombasa, hufundisha maofisa tabibu. Baada ya stashahada na kazi, ofisa tabibu anaweza kurudi kwa masomo ya juu ya nusukaputi, au ya macho, akafundishwa hata kutoa mtoto wa jicho, au ya mifupa, au ya masikio na koo. Muda ni mfupi zaidi na gharama ni ndogo zaidi. Kijana wa namna hii huonekana zaidi katika hospitali zetu ndogo kuliko yule bingwa mwenyewe.

Hesabu ya Likoni

Mwaka 2015 kundi la wataalamu walioandika katika jarida la utabibu la Lancet walisema kwamba watu bilioni 5 duniani hawawezi kupata upasuaji salama wanaoumudu. Walipendekeza kila watu 100,000 wawe na angalau wataalamu 20, wakihesabiwa pamoja wapasuaji, wa nusukaputi na wa uzazi. Walisema pia kwamba kila mtu awe na uwezo wa kufika ndani ya saa mbili mahali panapofanyika mambo matatu: kumpasua mama aliyeshindwa kujifungua, kufungua tumbo, na kutibu mfupa uliovunjika ukatokeza nje.

Tukapiga hesabu pale pale mkutanoni, kwa chaki nyuma ya mlango. Katika sensa ya mwaka 2019 Likoni ilikuwa na watu 250,358. Kwa kipimo hicho ilipaswa kuwa na wataalamu kama 50. Kisauni, watu 291,930, wataalamu 58. Changamwe, watu 131,882, wataalamu 26. Tukawauliza akina mama wataje wapasuaji wanaowajua kwa majina. Wakataja wawili, na mmoja alishahama.

Halafu tukasoma tena yale mambo matatu. Mweka hazina, yule wa uzazi, ndiye aliyegundua. Akasema, "Kumbe mfupa umo." Akanyamaza kidogo, kisha akasema habari ambayo hakuna aliyeitegemea: mumewe alivunjika paja miaka mingi iliyopita, wakaingoja feri usiku, na feri ilikuwa upande wa pili. Hakuendelea, na hatukumuuliza.

Walichoamua

Tusiseme kwamba mambo yaliisha kwa makofi. Mama wa moyo bado anasema moyo. Lakini kikundi kilikubaliana mambo machache, tunayaandika kwa sababu mengine yafaa kuigwa na mengine mtayaona wenyewe.

Walimwambia binti kwamba pesa walizotoa zilikuwa za kumfanya daktari, na daktari amekwisha kuwa. Deni hilo limelipwa. Jambo hili lilichukua jioni nzima, maana wawili walitaka iandikwe kwamba atarudi Likoni. Mwishowe hawakuandika. Yeye mwenyewe alisema anapenda kurudi, ila akaomba asitiwe sahihi mikataba miwili, wa kaunti na wa akina mama, kwa sababu ikitokea igombane atakosea mmoja. Pili, kikundi hakitalipa karo ya ubingwa. Hakiwezi, na kujifanya kinaweza kungeua upatu. Badala yake walimkopesha nauli na pesa za kuombea nafasi, atarudisha kidogo kidogo kama mwanachama yeyote. Tatu, na hili alilileta mama wa useremala, kila mwanachama mwenye mwana wa bodaboda atamweleza kwamba mfupa ukitokeza nje, hakuna kufunga vibanzi nyumbani. Ni hospitali siku ileile. Wazee wanaounga mifupa walialikwa mkutano uliofuata. Mmoja alikuja, akasikiliza, akasema hata yeye mfupa uliotoka nje huwa anauogopa, ila watu humlazimisha kwa sababu ya gharama ya hospitali.

Binti ameomba ruhusa ya masomo kutoka kwa mwajiri wake na sasa anangoja jibu. Tulipomwona mara ya mwisho alikuwa amevaa viatu vya zamu, anakimbilia feri ya saa kumi na mbili.

Maswali ya kuzungumza kikundini

1. Katika kikundi chenu, kuna mtoto mnayemsomesha? Mlipoanza kutoa, mlimwambia mnatarajia nini? Yeye aliwahi kuulizwa anataka nini?

2. Kama binti yenu angechagua fani ambayo hamjaisikia, kwa mfano nusukaputi, nani kikundini angemtetea?

3. Kutoka nyumbani kwenu usiku, ni muda gani mpaka mahali ambapo mama anaweza kupasuliwa, tumbo kufunguliwa, na mfupa uliotokeza kutibiwa? Pangeni mtu mmoja apime kwa saa, si kwa kukisia.

4. Kikundi kikitaka kusaidia daktari anayeendelea kusoma, ni msaada gani kinachoweza kuutoa bila kuua upatu?